Sahihi Mbili za Mkono Mmoja

Kinyozi, hata awe bingwa wa mtaa mzima, kisogo chake hakioni. Ndiyo maana wahenga wakasema kinyozi hajinyoi: atafute mkono wa mwenzake, au akubali kukatwa na wembe wake mwenyewe. Mwandishi wa lebo katika kiwanda kimoja cha dawa aliijua methali hiyo tangu utotoni, ila alidhani ni ya vinyozi tu.

Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo yanayobandikwa kwenye chupa: dawa ni ya nini, inywewe kiasi gani, itunzwe vipi. Kwa miaka mingi aliifanya pamoja na mhakiki mmoja mcheshi aliyebandikwa jina la Mgonjwa. Kila lebo mpya ilipokamilika, mwandishi aliisoma kwa sauti, naye mzee yule, chupa mkononi, alitenda lile tu alilosikia. Asipoambiwa afungue, hakufungua ng'o! Walicheka hadi mbavu zikawauma. Siku hizo zilikuwa tamu jamani.

Kisha Mgonjwa akastaafu. Kiti chake hakikupata mtu. Ikaletwa kompyuta ya kulinganisha lebo ya kuchapwa na nakala aliyoandika mwandishi. Zikifanana, basi. Mwandishi akawa anatia sahihi yake penye mwandishi, kisha anashuka mstari mmoja na kuitia tena penye mhakiki. Chumba kikatulia tuli kama maji mtungini.

Jioni moja, baada ya kuidhinisha lebo ya dawa ya maji ya watoto iliyokuwa ichapishwe kesho yake, upweke ulimzidi. Akachukua chupa ya sampuli na nakala ya lebo yake, akaenda kumtembelea mzee nyumbani kwake.

"Karibu, mwanangu! Leo umeniletea ugonjwa gani?"

"Homa ya watoto, mzee wangu. Kazi imeshakwisha, nimekuja tukumbushane enzi zetu tu."

Walipiga soga hadi chupa ikasahaulika mezani. Hatimaye mzee akaiinua taratibu. "Haya soma, maana nimezidiwa."

"Fungua kifuniko," mwandishi akasoma. Mzee akafungua. "Mpe mtoto kijiko kimoja." Mzee akamimina, akakisogeza kijiko penye taa.

"Mbona mnawanywesha wajukuu zangu maji?"

Mwandishi akatazama. Kijikoni mlikuwa na maji maangavu; dawa yenyewe ilikuwa imelala chini ya chupa kama unga. Agizo la kutikisa chupa halikuwepo! Hakuliandika, na kila aliposoma, kichwa chake kililijaza chenyewe. Kompyuta nayo ikalinganisha kosa na kosa, ikaridhika. Siku za kwanza mtoto angekunywa maji matupu. Siku za mwisho angemeza dawa kupita kiasi.

Akampigia simu mkuu wa idara papo hapo.

"Bosi, zuia uchapaji. Lebo ya watoto ina kasoro."

"Kasoro gani tena? Si imehakikiwa? Naona sahihi mbili hapa."

"Ndiyo, bosi. Zote mbili ni zangu."

Mkuu akashusha pumzi. "Nawapigia wachapaji sasa hivi. Kesho tutafute mtu wa kukaa kwenye kile kiti."

Mwandishi akaweka simu chini, machozi yakimlengalenga. "Nimekukosa sana kule kazini, mzee wangu."

"Hata mimi, mwanangu. Andika upya, kisha unisomee."

Hakika, kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata.