Sikio la Mbuzi wa Mahari

Mdomo husema uendako, sikio husema utokako. Mmeyasikia maneno haya asubuhi mnadani, mbuzi na kondoo wakivishwa hereni za namba, nanyi mkacheka kwamba wamepambwa kama maharusi. Chekeni tu. Methali hii ni kongwe kuliko hizo hereni, na chanzo chake ni hiki.

Zamani huku kwetu Ugogo kila kaya ilikuwa na alama yake, ikikatwa kwenye sikio la mnyama. Akihamia kaya nyingine, alikatwa ya huko chini ya ile ya kwanza, na ya zamani haikuguswa. Hivyo sikio lilisimulia njia yote. Na palipoingia maradhi, mnyama wa huko hakuruhusiwa kupita.

Mlinzi wa njia ya kuingia kijijini alikuwa Malogo, mtu mkali, ila siku hiyo alikuwa na furaha. Mbuzi wa mahari ya bintiye Nyemo walikuwa njiani na pombe ilikwisha iva. Mwaka huo homa ya mapafu ilikuwa imeikumba Chisalu, kijiji alikoolewa dada yake Malogo.

Mshenga Chilongani akafika na kundi. Alipoulizwa, akasema wanaingia na mahari ya Nyemo, na kwamba mbuzi wote wametoka kwa bwana harusi, ambako hakuna ugonjwa. Malogo akaanza kupapasa masikio, kama ilivyokuwa desturi. Alipofika kwa mbuzi jike mweupe, mkono wake ukasimama.

Alama ya juu ilikuwa yake mwenyewe. Huyu ndiye mbuzi aliyempa dada yake siku alipoolewa Chisalu. Chini yake ilikuwapo alama ya kaya ya dada yake kule Chisalu, kisha ya kwa bwana harusi, mbichi, damu haijakauka. Mpaka leo nikisimulia hapa mwili hunisisimka: mnyama asiyejua kusema amesimama mbele ya bwana wake wa kwanza, akimweleza alikopita.

"Mkwe, mbuzi walipungua, tukajazia," Chilongani akakiri. "Lakini ukiwarudisha hawa, umemrudisha na bintiyo."

Malogo akamtazama Nyemo, aliyekwisha valishwa shanga zake.

"Mdomo wako umesema mwendako. Sikio limesema mtokako, nami nimelisikia. Hawapiti."

Nyemo alilia, akaapa hatasema tena na baba yake. Chilongani na watu wake wakapiga kambi ng'ambo ya korongo, wakingoja mzee alegee. Kabla mwezi haujaandama, mbuzi wao walikuwa wakikohoa na kuanguka mmoja baada ya mwingine. Upande wa huku hakufa hata mwanambuzi.

Nyemo alikwenda ukingoni mwa korongo, akaona tai wametua. Akarudi nyumbani, akaushika ule mkono wa baba yake uliopapasa sikio. Kisha akayasema mwenyewe, taratibu, maneno aliyokuwa akiyachukia: mdomo husema uendako, sikio husema utokako.