Kikombe Kilichotundikwa Nje

Kikombe cha kando huulizwa, hakivunjwi.

Asubuhi mmecheka shangazi yenu alipomwambia Kulwa maneno hayo. Mlidhani anazungumzia vyombo vya jikoni. Kulwa amerudi kutoka chuoni kifua mbele, anatusimulia jinsi alivyomwita mwenziwe mbaguzi mbele ya darasa zima, mpaka yule akainuka na kutoka. Sasa mnataka kujua methali hiyo imetoka wapi. Haya, sogeeni, na wewe Kulwa usinune. Methali hiyo ina watu wake, na chanzo chake ni hiki.

Katika mji mmoja wa njia ya reli, kuliko na mashamba ya mkonge, palikuwa na fundi cherehani jina lake Shomari. Kama ilivyokuwa desturi ya mafundi wa siku hizo, aliweka cherehani yake barazani kwa Mhindi muuza vitambaa, Bwana Jamnadasi. Mteja akishanunua kitambaa ndani, anatoka nje kushonewa. Shomari alikuwa mtu wa kudadisi. Hata nguo ipendeze vipi, yeye aliipindua kwanza atazame mishono ya ndani, ndipo aseme lolote.

Kila siku saa nne mke wa Jamnadasi, Bi Kanta, alitoa chai ya tangawizi. Wenye nyumba na wageni wao walinywea vikombe vya udongo vyenye maua. Shomari alikuwa na chake cha bati, kimetundikwa msumarini nje, kando ya mlango. Alikitungua mwenyewe, akamiminiwa kwa juu birika lisikiguse, akanywa, akakiosha bombani na kukirudisha. Hakuna mwingine aliyekitia mkono. Lakini chai yenyewe ilikuwa ile ile, tamu, na siku nyingine ilikuja na chapati ya moto. Ndiyo maana jambo lile lilimtatiza, kwani mtu anayekuchukia hakutilii tangawizi.

Habari ya fundi aliyemtangulia pale, Pazi, aliijua. Wakati wake kikombe cha msumarini kilikuwa cha udongo, kimemeguka ukingo. Siku moja Pazi alikipigiza kwenye mawe kikavunjika, akamwita Jamnadasi mbaguzi mbele ya wateja. Jamnadasi aling'aka, akauliza ni mbaguzi gani anayemnywesha mtu chai kila siku. Maneno yakawa mengi, kila mmoja akitetea heshima yake, na la kikombe likasahaulika. Pazi akafunga virago. Kesho yake msumarini kulikuwa na kikombe kipya, safari hii cha bati, ili kisivunjike.

Basi mwaka mmoja mama yake Shomari, Bi Chausiku, alikuja kwa treni kutibiwa macho. Akawa anashinda barazani karibu na mwanawe, kanga zake safi zinanukia sabuni. Bi Kanta alifurahi kumwona, wakaulizana hali vizuri. Saa nne ilipofika alitoka na birika, akasitasita, kisha akamwelekeza msumarini. Kikongwe akanyanyuka, akapapasa ukuta mpaka mkono wake ukakipata kile cha bati.

Mguu wa Shomari ulisimama juu ya kanyagio la cherehani. Yeye mwenyewe alikwisha kuzoea, lakini kumwona mama yake akipapasa ukuta kulimchoma. Neno la Pazi likamjia ulimini. Akalimeza, wala si kwa woga. Alijua lilikoishia: kwenye bati. Tena lilikuwapo swali alilotaka jibu lake tangu zamani.

“Bwana,” alisema, “kikombe hiki kwa nini kinakaa nje?”

Jamnadasi, aliyekuwa akikunja jora la kitambaa, alicheka kidogo. Alieleza kuwa ni desturi ya dini yao kutochangia vyombo vya mdomo na watu wengine.

“Nimesikia. Na yule Mgiriki wa shamba la mkonge, juzi alinywea kipi?”

“Cha maua.”

“Yeye ni wa dini yenu?”

“Hapana.”

“Basi nieleze, bwana. Sikushtaki wala sikubandiki jina. Nataka kujua.”

Jamnadasi alifungua mdomo kusema jambo la usafi, akaitazama kanga ya kikongwe, akaufunga. Aliyejibu alikuwa Bi Kanta.

“Nilipoolewa nilikikuta hapo. Mama mkwe alinionyesha msumari, akaniambia watu weusi wachafu. Sikumuuliza neno. Nikaamini, na mpaka leo sijajiuliza.” Macho yake yalikuwa chini kwa aibu.

“Mgiriki tulimwogopa,” akasema Jamnadasi taratibu, bila kumtazama mtu. “Wewe hatukukuogopa.”

Maneno hayo yalimuuma Shomari kuliko tusi. Lakini yalikuwa ya kweli, na ndiyo aliyoyatafuta.

Kisha Jamnadasi naye akauliza. Mbona kila kitambaa kinachotoka dukani mwake fundi anakipima upya kwa futi yake, na cha duka la Mzee Mwinyimkuu hakipimi? Shomari alitahayari. Alikiri kwamba tangu utotoni ameambiwa Mhindi hupunja, ingawa pale hajapata kupunjwa hata inchi.

“Hilo lako halikumweka mtu nje ya mlango,” alisema mama yake. “Lakini ni lako, mwanangu. Lipindue nalo ulitazame.”

Alipomaliza chai, Bi Chausiku hakukitundika kikombe. Alikishika mbele yake mkono umenyooka, kwa kuwa hakuona vizuri nani wa kumpa, akasubiri. Bi Kanta alikitazama. Kisha akakipokea kwa mikono miwili, akaingia nacho ndani. Shomari alisikia maji, halafu bati likigongana na vikombe vya udongo kabatini.

Kesho yake saa nne Shomari na mama yake waliletewa vikombe vya maua. Nyuma akaja Jamnadasi ameshika kile cha bati. Alipiga funda moja, akakitoa mdomoni upesi.

“Fundi, kinaunguza midomo hiki. Miaka yote hukuniambia?”

“Hukuniuliza, bwana.”

Jamnadasi akakirudisha mdomoni, akainywa chai yote humo humo.

Msumari haukung'olewa, Shomari akawa anatundikia futi yake. Baadaye Pazi alipita pale, akaiona futi, akamwona na fundi akinywea kikombe cha maua. Akataka sana kujua Mhindi yule ameambiwa neno gani kali hata akageuka. Shomari alimpa jibu fupi, likatoka barazani, likaenea mji mzima, hata leo limefika kwa shangazi yenu.

Wala msidhani Pazi aliona vibaya. Aliona sawasawa, ila aliondoka hajui kilichokitundika kikombe. Na wewe Kulwa, mwenzio alipotoka darasani, ulikuwa umemuuliza nini? Hujui hata kwao ni wapi. Kesho mtafute, ukae naye, na kumbuka: kikombe cha kando huulizwa, hakivunjwi.