Shimo la Udongo Lisilokuwa Kwenye Ramani

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, nami naipitisha. Kama una mwenyekiti wa kijiji kwenye simu yako, mtumie, ila usimwambie imetoka kwangu.

Kijiji kimoja cha milimani kilikuwa na msitu, na kina mama wa hapo walikuwa wafinyanzi. Udongo wao ulitoka kwenye shimo moja tu, ndani ya msitu huo. Kwa mila yao mwanamume hafiki shimoni, wala halitaji kwa kinywa chake. Akilitaja, wanasema vyungu vya mwaka huo vitapasuka motoni.

Siku moja ukaja mradi wa kuhifadhi msitu. Afisa wake, Bwana Kitwana, alikuja na soda, biskuti na maneno matamu. Mimi mgeni akianza na maneno matamu huwa nashika mfuko wangu kwanza, lakini tuendelee.

"Tunataka mpaka uwekwe na wananchi wenyewe," alisema. "Mwenyekiti, nipe watu wanaoujua msitu."

Mwenyekiti, mzee Senkondo, akamletea wanaume kumi na wawili. Wakauzunguka msitu siku tatu, wakapaka rangi nyekundu kwenye miti ya mpakani, kisha wakasaini. Kwenye fomu palikuwa na swali: je, jamii imeshirikishwa? Afisa akaandika ndiyo.

Wiki iliyofuata Nakaniwa, mjane aliyekuwa akiishi kwa vyungu vyake, alikwenda kuchimba udongo. Alirudi mikono mitupu. Walinzi wa mradi walimnyang'anya jembe wakamwambia amevuka mpaka.

Hapo maneno yakaanza. Nakaniwa alimtazama mwenyekiti, akaona amevaa buti mpya za mvua.

"Tumeuzwa," akawaambia wenzake kisimani. "Zile buti hazikudondoka kutoka mbinguni."

Mwingine akasema alimwona afisa akifikicha udongo kwa vidole, bila shaka ana kiwanda cha vigae huko mjini. Wa tatu akasema hata wale wanaume kumi na wawili siku hizi wanacheka ovyo, lazima kuna kitu wamekula. Ndani ya mwezi mmoja hakuna aliyemwamini mwenzake. Wake walikuwa wanawapakulia waume zao ugali bila kuwasemesha.

Nakaniwa hakuwa na hamu ya kucheka na mtu. Udongo uliobaki nyumbani kwake ulitosha vyungu vinne tu. Na Ijumaa angekuja mkaguzi wa mradi. Asipopata lalamiko lenye ushahidi angesaini, na mpaka ungekuwa wa kudumu.

Ijumaa ikafika. Mkaguzi alikuwa dada mmoja mpole wa kusema, aitwaye Tumsifu. Akauliza mbele ya mkutano kama kuna mwenye lalamiko.

Nakaniwa akasimama. "Mwanangu, mpaka wenu umelimeza shimo letu la udongo."

"Shimo gani?" afisa akadakia. "Nimezunguka na wazee kumi na wawili, hakuna aliyeniambia habari za shimo. Wazee wangu, semeni. Lipo?"

Wazee wakainamisha vichwa.

"Umeona?" afisa akamwambia mkaguzi. "Halipo."

Mkaguzi akashika kalamu. Nakaniwa akaona kwamba mila yake mwenyewe ndiyo inayomnyima mashahidi. Uchungu ukampanda, akamgeukia mwenyekiti.

"Mwenyekiti, hawa wamekupa nini hata ukatuuza?"

Mzee Senkondo akasimama taratibu. "Sikupewa kitu. Buti mnazozisema tangu mwezi uliopita kaniletea mwanangu. Lakini shimo lipo. Nimeshasema, vyungu vikipasuka mnilaumu mimi. Siku ile tulipofika karibu nalo na kopo la rangi, wote tulijua. Tukatazamana, tukapita. Nikasema moyoni, kina mama watalisemea wenyewe siku yao ya kuulizwa ikifika."

"Siku yetu ilikuwa lini?" Nakaniwa akauliza.

Mzee akamgeukia. "Afisa aliniambia nimpe watu wanaoujua msitu. Wa kuwaita nyinyi nilikuwa mimi, na sikuwaita."

Basi mwezi mzima kijiji kinamsaka mla rushwa, kumbe rushwa haikuwepo. Nakiri, hata mimi mpaka hapo nilikuwa namdhania afisa, na sijamalizana naye vizuri hadi leo.

Mkaguzi akamrudishia afisa fomu bila kuisaini.

"Bwana Kitwana, kwenye hii orodha ni nani amewahi kubeba udongo kichwani?"

Afisa akaitazama orodha, yote majina ya wanaume.

"Basi mpaka utapimwa upya," mkaguzi akasema, "na safari hii kina mama watatangulia."

Kina mama wakaondoka kuelekea msituni. Afisa akachukua kifaa chake cha kupimia, akawafuata. Nakaniwa akamzuia njiani.

"Wewe baki hapa na wenzako. Kifaa mpe huyu dada, yeye atafika."

"Lakini mama, nisipoliona hilo shimo kwa macho yangu, nitaaminije kwamba lipo?"

"Utaamini kwa kuambiwa," Nakaniwa akamjibu, "kama ulivyotaka sisi tuuamini mpaka wako."

Funzo: Kabla hujaandika kwamba wananchi wote wamekubali, mtafute ambaye hakuitwa kikaoni, maana huenda mpaka wako umepita juu ya riziki yake.