Mbeleko ya Bi Hidaya

Hebu nikuulize: ukimsukuma mtu mtoni, naye kwa kupapatika akajifunza kuogelea, utamfuata ng'ambo kumdai shukrani za mwalimu?

Usicheke. Yuko aliyedai, na watu walimpigia vigelegele. Isome hadithi hii mpaka mwisho kabla hujamtumia shangazi yako.

Katika mji mmoja palikuwa na mwanamke aitwaye Bi Hidaya. Alisifika kwa kumlea binti wa kaka yake, Sikudhani, tangu mtoto akiwa mchanga wa siku chache, baada ya mama yake kufariki. Baba mtu alikwenda nchi ya mbali kutafuta maisha. Aliyapata, akabaki nayo hukohuko.

Sikudhani alikua akawa mkunga. Wanawake wa mji ule walipofikishwa hospitali walimwulizia yeye kwa jina. Mzazi akijizuia kulia kwa aibu, Sikudhani humwambia, "Lia, mwenzangu. Hapa si maktaba." Mikono yake haikutetemeka hata mambo yalipoharibika.

Na kila Sikudhani aliposifiwa, Bi Hidaya alisimama mbele kuzipokea sifa.

"Mnamwona yule?" alikuwa akisema. "Yule ni kazi yangu. Sikumdekeza. Nilimkaza kama skrubu."

Akawa anaalikwa kwenye sherehe za mabibi harusi kufundisha malezi. Akina mama walimsikiliza, wakaitikia kwa vichwa, wakarudi nyumbani kukaza watoto wao.

Sasa nikuambie huko kukaza kulikuwaje.

Mtoto alilala jikoni juu ya gunia. Alikula wenzake wakishamaliza, na mara nyingi kilichobaki kilikuwa ukoko. Mle ndani hakuitwa Sikudhani, aliitwa Mkosi. Mkosi, osha masufuria. Mkosi, fungia kuku. Watoto wa Bi Hidaya walidhani ndilo jina lake halisi.

Siku aliyomwuliza shangazi yake habari za mama yake, alijibiwa hivi:

"Mama yako ulimuua wewe. Wewe umekuja, yeye amekwenda. Sasa unamwulizia nini?"

Alikuwa bado hajaanza shule. Watoto wengine wakicheza mdako, yeye alikuwa amekaa pembeni akiwaza jinsi mtu anavyomwomba radhi maiti.

Akili ya mtoto hufanya hesabu zake yenyewe. Sikudhani alijiambia: kama nimemwondoa mama mmoja, basi nikikua nitawazuia wengine wasiondoke. Ndipo alipoanza kuutaka ukunga, kwa kosa ambalo hakulifanya.

Nyumba ya jirani alikaa Bi Mtumwa, muuza mandazi, mwanamke ambaye mdomo wake ulikuwa unachoma kuliko mafuta yake. Alimwona mtoto anasoma kwa mwanga uliokuwa ukipenya dirishani kwake.

"We mtoto, njoo ukae barazani, utapofuka," alimwambia. "Kula hilo andazi. Ukishajua kusoma utakuwa unanisomea gazeti, nijue nani kafa."

Basi. Hakukuwa na hotuba. Kila jioni andazi, kila jioni kitabu. Sikudhani alifaulu, akafeli hesabu, akarudia, akafaulu tena, akapata chuo.

Huko chuoni siku moja walifundishwa homa inayowashika wanawake baada ya kujifungua. Sikudhani akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mtoto anaweza kumuua mama yake?"

Darasa likacheka. Mkufunzi hakucheka. Alivua miwani.

"Mtoto mchanga hana nguvu hata za kuinua shingo yake. Atamuua nani? Wazazi wengi hufa kwa sababu kuna mtu mzima alichelewa."

Sikudhani alitoka, akakaa kwenye ngazi, akalia kilio chote alichokuwa anadaiwa tangu utoto. Kisha akanawa uso, akarudi darasani. Tangu siku hiyo alitembea wima. Lakini alibaki na swali: nani alichelewa?

Alipopata likizo alimwuliza shangazi yake, wakiwa wawili tu.

"Shangazi, mama alikufaje?"

"Kwani umesomea ukunga au upolisi?" Bi Hidaya akajibu, akaongeza sauti ya redio.

Hakuuliza tena. Alifanya kazi, akapanga chumba, akamnunulia Bi Mtumwa jiko jipya. Akampata Idarusi, fundi wa majokofu, mtu mpole anayecheka mpaka machozi. Wakapendana. Idarusi akatuma watu wake.

Sasa, mji ule una desturi yake. Siku ya kupeleka mahari, upande wa mwanamume huja na kitambaa kizuri kiitwacho mbeleko. Hicho ni cha mwanamke aliyembeba bibi harusi mgongoni alipokuwa mdogo. Kama ni mama mzazi, hupewa tu. Kama si mama mzazi, lazima asimame mbele ya watu aseme kwa mdomo wake alimtendea nini mtoto yule. Bibi harusi, aliyekaa ndani nyuma ya pazia, huulizwa: ni kweli? Akiitikia, mbeleko huwekwa begani mwa mlezi. Asipoitikia, mahari haipokelewi, na wageni hurudi walikotoka.

Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho bibi harusi kukataa kuitikia. Watu walikwishaifanya kama kupiga muhuri. Hata mlezi aliyekuwa akimpiga mtoto kwa mwiko aliitikiwa, na pilau likaliwa.

Siku ilipofika, ua wa Bi Hidaya ulijaa. Wanaume mikekani upande huu, wanawake upande ule. Bi Hidaya alikuwa amevaa doti mpya, udi unamfuka mpaka kwenye nywele. Alikuwa amempanga na mpwa wake mwingine amchukue video kwa simu, kwa upande wa kushoto, ndio unaompendeza.

Mshenga, Mzee Kombo, alisimama na mbeleko mikononi.

"Haya, mlezi. Tuambie."

Bi Hidaya aliinuka taratibu, kama mtu anayeitwa kupokea nishani.

"Mimi Hidaya nilimchukua mtoto huyu mikono mitupu. Nilimlea kama niliyemzaa mwenyewe."

Vigelegele vilianza. Mzee Kombo akageukia pazia.

"Bibi harusi, ni kweli?"

Kimya.

"Ana haya," alisema Bi Hidaya, akicheka. "Mnaona? Malezi hayo."

"Labda hajasikia," mtu mmoja alisema.

"Amesikia," alisema Bi Mtumwa kutoka nyuma. "Yule anasikia mtoto akigeuka tumboni. Atashindwa kumsikia huyu aliyemeza spika?"

Wanawake waliinamisha vichwa kuficha vicheko. Bi Hidaya alijirekebisha mtandio, akajaribu njia nyingine, ile iliyokuwa imemfaa miaka yote.

"Sawa. Niseme ukweli basi. Nilikuwa mkali. Nilimchapa, nilimlaza jikoni, nilimnyima. Lakini ukali ule ndio uliomfanya awe huyu mnayemwona! Kama si mimi, mkunga mngempata wapi?"

Watu waliipenda hiyo kuliko ya kwanza. Bibi mmoja wa upande wa Idarusi akasema kwa sauti, "Hayo ndiyo malezi. Watoto wa siku hizi wanalelewa kama mayai."

"Bibi harusi, ni kweli?"

Kimya.

Sasa watu wakaanza kutazamana. Ami yake Idarusi alitazama sinia za pilau zilizokuwa zinapoa. Mzee Kombo alisogea mpaka kwenye pazia, akainama.

"Mwanangu, ni neno moja tu. Sema tumalize. Idarusi yuko kule ameshika simu, anangoja nimpigie."

"Babu, mimi Idarusi namtaka kuliko mnavyojua," sauti ya Sikudhani ikajibu. "Lakini uongo huu nimeubeba tangu nina meno ya utoto. Siwezi kuingia nao nyumbani kwake."

Pazia likafunguka. Sikudhani akatoka nje, jambo lisilofanywa, mikono imejaa hina, miguu mitupu. Mpwa aliyekuwa akichukua video akashusha simu.

"Shangazi, sikutoka kukuaibisha," alisema. "Gunia nimekusamehe. Ukoko nimekusamehe. Lakini usiwaambie watu kwamba ndivyo vilivyonifanya. Nilisoma kwenye baraza ya Bi Mtumwa, tumbo langu likiwa na mandazi yake. Nilipoanguka nilijiinua. Kama kupigwa na kunyimwa kunatengeneza wakunga, mji huu ungekuwa na wakunga kila mlango."

Hapo hakuna aliyecheka.

"Wewe ulichonipa," akaendelea, "ni jina la Mkosi na kesi ya kuua."

"Kuua?" Mzee Kombo akashtuka. "Kumuua nani?"

"Mwulizeni yeye alikuwa ananiambia nimemuua nani."

Bi Hidaya alitazama kushoto, akatazama kulia. Wale akina mama aliokuwa akiwafundisha malezi walikuwa wanamtazama.

"Hili ni deko tu," akasema. "Mtoto akisoma sana anakosa adabu."

Mzee Kombo alishusha pumzi. Akaanza kuikunja mbeleko, polepole, huku akitumaini mtu atamzuia.

"Desturi ni desturi," alisema. "Bila kuitikiwa hatuwezi kuendelea. Jamani, kusanyeni vitu."

Bibi mmoja akaanza kufunika sinia. Bi Mtumwa alijishika kichwa. Sikudhani hakurudi nyuma ya pazia. Alikwenda kwa shangazi yake, akapiga magoti mbele yake kwa heshima zote alizofundishwa kwa kiboko.

"Sikuombi useme kwamba ulinipenda," alimwambia. "Niambie kitu kimoja cha kweli kuhusu mama yangu. Kimoja tu. Nitaitikia, na mbeleko utaivaa wewe. Sitampa mtu mwingine."

"Niivae mimi?" Bi Hidaya aliuliza. Sauti ilikuwa imemshuka.

"Wewe. Ndiye niliyekuwa naye."

Watu walitegemea matusi. Wengine walitegemea laana, na walikuwa wamekwisha kujipanga kuisimulia. Lakini Bi Hidaya alikaa chini. Hakukaa kama mheshimiwa, alikaa puu, miguu imetangulia mbele, doti mpya vumbini.

"Alikuwa wifi yangu," alisema. "Niliachiwa mimi kumtunza arobaini yake. Nilikuwa msichana, sijaolewa, nataka nionekane najua mambo."

Akashika mtandio, akataka kuinuka. Sikudhani alimshika mkono, akauweka katikati ya mikono yake miwili, kama anavyowashika wanawake wodini.

"Unakwenda vizuri, Shangazi," alimwambia kwa ile sauti yake ya chini. "Usirudishe ndani. Endelea."

"Alishikwa na homa. Akaniambia, wifi, mwili unaniwaka, nipelekeni hospitali. Nikamwambia mzazi hatoki nje kabla ya arobaini, watu watasema sisi hatuna mila. Akaniomba tena. Majirani wakauliza mzazi hajambo, nikawaambia hajambo, amelala. Asubuhi akajivuta mwenyewe mpaka mlangoni, amekubeba wewe. Nikamrudisha kitandani. Nikafunga mlango kwa nje nikaenda kuchota maji."

"Ee Mola," bibi mmoja alinong'ona.

"Niliporudi ulikuwa unalia wewe peke yako." Sasa machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, hata yale ya upande wa kushoto. "Nikaogopa. Watu wangeuliza nani alichelewa. Ilibidi kosa liwe na mwenyewe, nami nikakutwika wewe, kwa sababu wewe hukuwa na mdomo wa kubisha. Halafu ukakua na sura yake. Kila nikikuona naona mlango ule. Nikakulaza jikoni ili nisikuone."

Mzee Kombo alikuwa amesimama, mbeleko imekunjuka tena mikononi mwake bila yeye kujua.

"Sikukutengeneza, mwanangu," alisema Bi Hidaya, na safari hii alimtazama machoni. "Wala wewe hukumuua mama yako. Mimi ndiye niliyemfungia mlango."

"Ni kweli," Sikudhani akaitikia, na Mzee Kombo akaiweka mbeleko begani mwa Bi Hidaya.

Funzo: Mtoto aliyekulia kwenye mateso akawa mtu mzima imara, uimara ule ni wake na wa wale waliomnyooshea mkono, usimpongeze aliyemtesa. Na kama aliyemtesa ni wewe, usidai shukrani. Mpe ukweli, kwa sauti, mbele ya watu walewale uliojisifu mbele yao.