Kilima cha Sultani Nadhiri

Hapo zamani, enzi ambazo mtu aliweza kulala mkulima akaamka mtawala, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Mwangatini, na humo akaishi hohehahe mmoja jina lake Vuai. Mali yake ilikuwa jembe, mke, watoto wanne, na kishamba cha mpunga bondeni alichoachiwa na babaye. Siku moja Sultani Nadhiri akapita, akamkuta amezama matopeni hadi magotini, akamwuliza, "Ewe mkulima, mji huu watawaliwa na nani?"

Vuai akajibu pasi na kuinua kichwa, "Na ndege, bwana. Sisi twalima, wao wavuna."

Sultani akacheka hata kilemba kikamwendea upande, akamfanya Liwali wa Mwangatini papo hapo.

Basi Vuai akavaa joho, ila miguu ikabaki na matope yake. Kila asubuhi alipalilia, na wenye kesi wakamfuata huko huko shambani; na kwa kuwa kila mwenye maneno mengi alipewa jembe apalilie huku akieleza, kesi zikawa fupi na mpunga ukawa safi. Watu wakampenda. Asiyempenda alikuwa Waziri Thuweni, aliyekuwa amemwekea mpwawe cheo kile, na husuda, jamani, haina dawa.

Waziri akanong'ona sikioni mwa Sultani, na Sultani akamwita Vuai barazani. "Ewe Liwali, kilima kile mbele ya jumba langu chanizuilia upepo. Nakitaka kiondoke kwa siku saba. Askari hupewi, fedha hupewi, wala usimlazimishe mtu hata mmoja. Ukishindwa umeuzuliwa, na shamba lako la bondeni ni la Waziri."

Vuai akawaza. Joho angelivua bila kinyongo, maana lilimwasha shingoni, lakini shamba! Bila shamba lile wanawe wangekula nini? Hata hivyo akainama. "Nimesikia na nimetii, Seyyid. Kilima hicho ni cha nani?"

"Changu mimi, cha nani mwingine?"

"Vema. Nami nina ruhusa kukiondoa kwa mila ya wakulima?"

"Kiondoe upendavyo."

Nyumbani, mkewe Bi Mize akashika kichwa. "Baba watoto, umekubali nini? Kilima kitahamishwa na nani?"

"Na mwenye kilima," akajibu Vuai, akaomba aongezewe mchuzi.

Siku ya saba asubuhi, watu mia mbili wakasimama mbele ya kilima, majembe mabegani. Sultani akatoka, akafurahi, kisha akakunja uso. "Mbona hawaanzi?"

Vuai akamnyenyekea, akamtolea jembe kwa mikono miwili. "Seyyid, nimeita ujima, kazi ya kusaidiana, nao wamekuja kwa hiari yao. Na katika ujima, mwenye kazi ndiye apigaye jembe la kwanza. Akilima, watu hulima. Akipumzika, watu hupumzika. Hatumlimii mtu aliyeketi."

"Wachapwe!" akafoka Waziri.

"Seyyid amekataza kulazimisha," akasema Vuai kwa upole.

Sultani alikuwa mtu wa fahari, hakutaka kuonekana mnyonge mbele ya raia. Akapandisha kanzu, akapiga jembe. Majembe mia mbili yakaitikia, nchi ikatetemeka. Alipofika la kumi, kiganja kikatoka lengelenge, akasimama afute jasho. Watu mia mbili wakasimama, wakafuta jasho. Akaketi, wakaketi. Akainuka ghafla kama atakayewafumania, wakainuka naye. Ikawa hivyo hata adhuhuri, na kilima hakikupungua hata kimo cha kuku.

"Basi!" akalia Sultani. "Kilima na kikae! Upepo nitaufuata huko juu. Liwali, shamba lako ni lako, hapana atakayeligusa."

Vuai akatokwa na machozi ya furaha, akambusu mkono. Lakini hakuondoka.

"Kuna nini tena?"

"Seyyid, mila haijaisha. Aliyelimiwa naye huenda kulima. Kila uliyemwona hapa, wewe utamrudishia siku moja shambani kwake. Kesho ni kwa Bi Tatu, yule kikongwe mwenye fimbo. Ana muhogo, na magugu yake ni ya miaka."

Sultani akavitazama viganja vyake, akawatazama watu mia mbili, na kicheko kikamshika asiweze kukizuia, akacheka hata akashika mbavu. "Liwali, umeniweza! Je, mila yenu yakubali wakili?"

"Yakubali, Seyyid. Na wakili aliye bora ni yule aliyetoa shauri la kazi."

Watu wote wakageuka wakamtazama Waziri Thuweni, naye alikuwa amekwisha kuanza kurudi nyuma polepole.

Akalima siku mia mbili, mvua kwa jua, na Bi Tatu akamrudisha mara mbili kwa kuacha mizizi. Tangu hapo, kila Sultani alipomtaka shauri, Waziri hakutoa neno kabla hajauliza, "Na kazi hiyo, Seyyid, ataianza nani?"