Jini Mjuzi na Maziwa ya Mwanamvua

Nitegeeni masikio, wenzangu, nina ngano inayowasha.

Asubuhi Mwanamvua alimzika mwanawe mchanga. Jioni maziwa yakamjaa kifuani, na wa kunyonya hayupo. Akamwendea pangoni kwa hasira Jini Mjuzi, ajuaye kila kitu.

“Mwanangu amekufa!”

“Najua.”

“Maziwa yananiuma!”

“Najua.”

“Wenye msiba huambiwa pole, wewe! Unajua nini?”

“Najua yote.”

Mwanamvua akakamua ziwa, akamrushia maziwa kifuani. Papo hapo kifua cha jini kikavimba, kikawaka moto. Jini akapapasa mapajani akimtafuta mtoto wa kumnyonyesha, asimpate. Akalia hadi pango likatikisika.

“Haya, sema unajua!”

Jini akainamisha kichwa. “Pole, mama.”

Ngano yangu imekwisha. Hasira ya Mwanamvua bado.