Wali wa Uwanja wa Ndege

Hii soma mpaka mwisho kabla hujaituma kwenye kundi la ukoo wenu, maana wanaotuma bila kusoma nawajua.

Asubuhi moja, safari ya ndege kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilifutwa kwa sababu ndege ilikuwa mbovu. Abiria wakaambiwa wasubiri mpaka kesho. Kati yao alikuwemo mama mmoja, Kokushubira. Mtoto wa kaka yake alikuwa anaolewa huko Dar jioni ileile, na kwao bibi harusi hatoki nyumbani mpaka shangazi amkabidhi. Mama wa watu alikosa raha kabisa.

Aliyefoka kuliko wote ni mfanyabiashara aitwaye Matogoro. Aligonga meza, akasema leo patachimbika. Kampuni ikaleta wali kwa kuku na soda za baridi. Loo, uwanja ukatulia. Watu wakala, wakashukuru, wakaanza kuulizana habari za nyumbani. Matogoro naye alipopata paja lake, hasira zikamwisha.

Shangazi alikula akamaliza, akanawa mikono. Kisha akamwambia Matogoro, "Baba, twende wote tukadai usafiri."

Matogoro akashangaa. "Mama, tumeshakula chakula chao. Utaanzaje tena kuwadai?"

"Mimi sikuja kwao ugeni," akajibu shangazi. "Nimekata tiketi. Wali ni haki yangu, na kufika ni haki yangu."

Akaenda peke yake. Alimweleza binti wa mapokezi, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba waliofuta safari ni wao, kwa hiyo wamtafutie njia nyingine ya kufika leo. Binti akabonyeza kompyuta, akampa nafasi kwenye ndege ya kampuni nyingine iliyokuwa inaondoka mchana ule. Jioni shangazi alimkabidhi bibi harusi, vigelegele vikapigwa.

Lakini turudi uwanjani. Matogoro alipomwona kupitia kioo akipanda ngazi za ndege, alikurupuka mpaka mapokezi. Alikuwa amechelewa, mlango wa ndege ulishafungwa. Akauliza kama kulikuwa na nafasi nyingine. Akaambiwa zilikuwepo nyingi, tangu asubuhi.

"Sasa mbona hamkutuambia?"

Binti akamtazama kwa upole. "Mzee, mlishukuru. Nikajua mmeridhika."

Funzo: Ukipewa sehemu ya haki yako, shukuru, nawa mikono, kisha dai iliyobaki.